Pampu ya mafuta ya umeme imekataa: namna ya kutafuta hitilafu kwenye lori la dizeli kabla ya kununua pampu nyingine

Lori likizimika Mombasa, iwe ni kwenye foleni ya Changamwe au katikati ya kupanda Mazeras, neno la kwanza utakalolisikia ni hili: "Bosi, pampu imekufa." Mwenye gari anatoa pesa, pampu mpya inafungwa, lori linaondoka. Siku si nyingi linazimika tena, na fundi anarudi na neno lile lile. Pampu ya kwanza huenda ilikuwa nzima kabisa, ila umeme haukuwa ukiifikia. Au ilikuwa imekufa kweli, lakini kilichoiua kilibaki pale pale kikaimaliza na ya pili.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya mambo mawili. Usiihukumu pampu kabla ya kupima. Na ukishathibitisha kwamba imekufa, tafuta kilichoiua kabla hujafunga nyingine. Hapa pwani wauaji wakubwa wanajulikana: kutu inayoletwa na upepo wa chumvi, na maji ndani ya tangi.

Jua una pampu ya aina gani

Si kila lori lina pampu ya umeme. Malori mengi ya zamani yana pampu ya kuvuta mafuta inayoendeshwa na injini yenyewe, imefungwa ubavuni mwa pampu kubwa ya nozeli, na juu yake pana kitufe cha kusukuma kwa mkono. Hiyo haina fyuzi wala rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kama ndiyo yako, ruka mambo ya umeme uende moja kwa moja kwenye sehemu ya filta na hewa, ila kwanza angalia selenoidi ya kuzima injini, ile vali ya umeme inayofungua na kufunga njia ya mafuta. Nayo hutumia umeme, na katika malori mengi ikikosa umeme inaziba mafuta kabisa. Mtu akigeuza ufunguo, unatakiwa usikie "tak" moja kutoka kwenye hiyo selenoidi. Usipoisikia, pima umeme wake kabla ya kugusa kitu kingine.

Pampu ya umeme utaikuta mahali pawili: ndani ya tangi, ikiwa imezama kwenye dizeli, au nje kwenye chesisi kati ya tangi na filta. Kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inavuta mafuta tangini na kuyapeleka kwa shinikizo dogo mpaka pampu kubwa, na hiyo kubwa ndiyo inayotengeneza shinikizo la kuingia kwenye injekta, ile midomo inayopulizia mafuta ndani ya injini. Katika injini za komoni reli, yaani zile ambazo injekta zote hulishwa na paipu moja nene ya pamoja, shinikizo hilo linaweza kupita baa 1,500. Pampu kubwa hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Ikikosa mafuta inajisaga yenyewe, na vumbi lake la chuma linasafiri mpaka kwenye injekta. Ndiyo maana gari likikataa kuwaka, usikae ukipiga stata nusu saa. Unaweza kugeuza gharama ya pampu moja ndogo kuwa gharama ya mfumo mzima wa mafuta.

Jambo jingine la kujua mapema ni volti. Malori makubwa kama Isuzu FRR, Actros na Scania ni ya volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Pikapu kama Hilux na D-Max ni volti 12. Pampu ya volti 12 ukiitia kwenye lori la 24 itanguruma kwa nguvu, utafurahi kidogo, kisha itaungua.

Usalama, na vifaa vichache

Kama gari limekuzimikia barabarani, litoe njiani kwanza, tia vigingi kwenye magurudumu na weka vipembetatu vyekundu mbali vya kutosha. Pale Kibarani na kwenye daraja la Makupa magari hayakuoni mpaka yamekufikia, na usiku ndiyo mbaya zaidi. Usiingie chini ya lori kabla tanboi, msaidizi wa dereva, hajakuhakikishia kwamba breki ya mkono imeshika na vigingi viko imara.

Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikirukia chuma chenye moto sana au cheche ya betri inawaka vizuri tu. Hakuna sigara. Na usiguse nati za paipu za chuma zinazoingia kwenye injekta za komoni reli. Dizeli inayotoka pale inapenya ngozi mpaka ndani ya nyama, na jeraha lake ni la hospitali hata kama kwa nje linaonekana ni tundu dogo tu la sindano. Kazi yote ya mwongozo huu iko upande wa shinikizo dogo.

Vifaa: mita ya kupimia volti, balbu ya kupimia yenye waya mbili, kipande cha waya mnene chenye fyuzi katikati, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, kipande cha paipu angavu, msasa laini, jerikeni ya dizeli safi. Mita si lazima iwe ya bei. Ya kawaida inatosha, mradi betri yake haijaisha.

Anza na sikio na kijiti

Mwambie tanboi ageuze ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, asipige stata. Wewe tega sikio kwenye tangi, au weka kiganja juu ya pampu kama iko kwenye chesisi. Katika magari mengi yenye kompyuta, pampu hufanya kazi sekunde chache kisha inasimama, ikingoja injini izunguke. Kwa hiyo usiseme "haifanyi kazi" kwa sababu imenyamaza baada ya sekunde tatu. Zima, ngoja kidogo, rudia.

Kabla ya mita, chukua kijiti kirefu kisafi ukizamishe tangini. Geji ya dashibodi inadanganya, na lori lililolala uwanjani linaweza kuamka na mafuta pungufu kuliko ulivyoliacha. Kila dereva wa Jomvu au Miritini anajua mafuta yanakwenda wapi usiku. Kijiti kikitoka na mafuta kidogo huku lori limesimama mlimani, pengine mdomo wa kuvutia umebaki hewani, na pampu haina kosa lolote.

Ukisikia pampu inanguruma, umeme uko, na tatizo lako ni la mafuta: nenda kwenye filta. Ikiwa kimya kabisa, endelea hapa.

Fyuzi na rilei

Tafuta fyuzi ya pampu kwenye kisanduku. Mchoro wake huwa nyuma ya kifuniko. Usiitazame kwa macho tu. Fyuzi inaweza kuonekana nzima kumbe imepasuka mguuni. Gusa migongo yake miwili kwa balbu ya kupimia huku ufunguo umewashwa: balbu iwake pande zote mbili. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika.

Fyuzi iliyokatika ina sababu. Tia nyingine ya ampea zile zile, si kubwa zaidi, wala usitie waya wala karatasi ya sigara. Hizo karatasi za sigara zimeunguza malori mazima. Ikikatika tena, chomoa soketi ya pampu utie fyuzi ya tatu. Ikishika, basi pampu yenyewe ina shoti ndani au imekwama isizunguke. Ikikatika hata pampu ikiwa imechomolewa, kuna waya uliosuguliwa na chesisi mahali fulani, na kazi yako ni kuufuata kwa mkono sentimita kwa sentimita, hasa pale unapopinda na pale ulipofungwa kwa klipu ya chuma.

Rilei ni rahisi zaidi. Mara nyingi kwenye kisanduku kile kile kuna nyingine yenye namba zile zile, kwa mfano ya honi. Badilisha nafasi zake. Pampu ikinguruma na honi ikanyamaza, umemaliza kazi kwa bei ya rilei moja. Kama hakuna ya kubadilisha, ichomoe utazame miguu yake. Ule wa 30 unapokea umeme wa betri, wa 87 unaupeleka kwenye pampu, 85 na 86 ni za koili inayoivuta rilei. Unganisha tundu la 30 na la 87 kwa ule waya wako wenye fyuzi. Pampu ikifanya kazi hapo, nyaya za kwenda kwenye pampu ni nzima na pampu ni nzima. Ama rilei ni mbovu, ama haipati amri. Weka mita kati ya tundu la 85 na 86, tanboi ageuze ufunguo. Volti zikija, rilei ni mbovu. Zisipokuja, kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, kwenye kompyuta, au kwenye swichi ya usalama inayokata mafuta gari linapogongwa. Baadhi ya pikapu zina swichi hiyo, na hurukia juu kwa shimo tu la barabara. Ibonyeze irudi.

Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo pampu nyingi nzima za Mombasa hutupwa, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Fundi anachomoa soketi ya pampu, anaweka mita, inasoma volti 25. Anasema umeme upo, pampu imekufa. Kipimo hicho hakithibitishi kitu. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata kama waya umeliwa na kutu ukabaki uzi mmoja, mita itakusomea volti zote. Balbu ndogo nayo itawaka. Lakini pampu inapotaka ampea zake, uzi ule mmoja hauwezi kuzipitisha, na volti zinaanguka.

Pima pampu ikiwa imechomekwa na inajaribu kufanya kazi. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa, kisha tanboi ageuze ufunguo. Tuseme betri inasoma 25.0, na kwenye pampu unasoma 19.6. Volti 5.4 zimepotea njiani. Wapi? Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, pampu ikijaribu kuzunguka: inasoma 0.3. Upande huo ni mzima. Sasa weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu: inasoma 5.1. Umempata mwizi. Ni ethi, ule waya unaorudi kwenye chesisi. Kila upande usipoteze zaidi ya nusu volti hivi.

Fuata waya huo mpaka bolti ulipofungiwa. Mara nyingi utakuta pete ya waya imegeuka kijani, chini yake kutu nyekundu, na juu yake rangi ya chesisi iliyopigwa na mtu aliyetaka gari lionekane jipya. Malori yanayoshinda Kilindini na Shimanzi yanapigwa na upepo wa bahari mchana na usiku, na chumvi hiyo haiogopi waya wa gari jipya. Fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kata pete uikaze mpya, funga, kisha ndipo upake grisi au rangi juu yake. Rangi ije mwisho. Soketi nazo zifungue utazame pini: zikiwa na unga wa kijani, kuzisafisha ni kwa leo tu, zibadilishe. Na kiungo cha waya kilichosokotwa kikafungwa utepe mweusi chini ya lori ni mlango wa chumvi. Kichomelee kwa risasi ya kuunganishia nyaya (solda), kisha kivishe mfuniko wa plastiki unaobana kwa joto.

Kama volti zinafika sawasawa na pampu bado kimya, ipe umeme moja kwa moja kutoka betrini kwa waya wako wenye fyuzi, chanya kwenye chanya. Ikikaa kimya, imekufa. Igonge polepole kwa mpini wa spana huku umeme umeunganishwa: ikishtuka na kuanza kuzunguka, brashi zake za kaboni zimeisha. Hiyo inaweza kukutoa Bonje mpaka gereji, lakini usipakie mzigo wa kwenda Malaba, mpakani na Uganda, kwa pampu iliyoamshwa kwa kugongwa.

Inanguruma lakini mafuta hayafiki

Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyotoka. Tope na vumbi vikiliziba, tangi linavuta ndani mpaka pampu inashindwa. Dalili yake ni gari linalokwenda vizuri nusu saa kisha linakufa, ukilipumzisha linawaka. Likizimika, fungua kifuniko taratibu. Ukisikia hewa inafyonzwa ndani, umepata jibu bila kutumia hata spana.

Kisha kikombe cha kutenga maji chini ya filta. Fungua kijikoki chake, kinga kwa chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao utauona wazi. Ukikuta na utando mweusi unaoteleza katikati, hao ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na ndivyo vinavyoziba chujio la ndani ya tangi. Unyevu wa hapa kwetu unaleta maji hata bila mtu kukuuzia mafuta mabaya: tangi lililolala nusu tupu linatoa jasho ndani usiku, na kila usiku linaongeza. Jaza tangi jioni, si asubuhi.

Kuhusu mafuta mabaya, niseme wazi. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa hailainishi vizuri, na pampu zote mbili zinaumia. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuvunja biashara hiyo, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado haina mwenyewe wa kumdai pampu ikiungua. Usiinunue.

Filta ukiitilia shaka, ibadilishe. Haifai kubishana na filta. Baada yake fuata hewa. Upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu, paipu iliyopasuka haidondoshi mafuta, inaingiza hewa. Ndiyo maana watu hawaioni. Kata njia kabla ya pampu, ingiza hapo kipande cha paipu angavu, funga kwa klampu, endesha pampu utazame. Mapovu yanayopita mfululizo yanamaanisha kuna mahali panavuta hewa: klampu iliyolegea, mpira uliokauka kwa jua, oringi ya filta iliyokaa vibaya.

Kama pampu iko nje kwenye chesisi na bado hujui kosa liko tangini au mbele, chomoa paipu ya kuvuta kwenye tangi uizamishe ndani ya jerikeni ya dizeli safi. Injini ikiwaka na kushika vizuri, pampu yako na kila kilicho mbele yake ni kizima, na uchafu uko tangini. Kipimo hiki kimewaokoa madereva wengi na bili isiyo ya haki.

Mwisho pima kiasi. Chomoa paipu baada ya filta, upande wa shinikizo dogo, ielekeze kwenye chupa, endesha pampu kwa nusu dakika kisha linganisha na kitabu cha gari. Mkondo uwe mnene, usiokatika. Ukiwa na mita ya kubana waya, tazama ampea pia: zikipanda kupita kawaida pampu inasukuma kitu kilichoziba au imeanza kukwama; zikishuka sana huku inanguruma kwa sauti kali, inazunguka bila mafuta.

Kufunga mpya

Chomoa hasi ya betri. Kabla ya kuitoa pampu ya zamani piga picha ya nyaya na paipu kwa simu. Dukani, usiulize tu "pampu ya Isuzu." Beba ya zamani, linganisha volti, shinikizo, kipimo cha mdomo na mshale wa mwelekeo wa mafuta. Pampu bandia zimejaa mjini. Muuzaji asiyekubali kuandika risiti yenye namba ya kipuri usimpe pesa yako.

Tangi lisafishwe. Kufunga pampu mpya juu ya tope la zamani ni kuizika ikiwa hai. Lifungue, toa yote, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, badilisha chujio la ndani, filta zote mbili na klampu zilizoota kutu. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo dereva aliyezoea kutembea na taa ya akiba aambiwe: robo tangi ndiyo mwisho.

Ukimaliza, toa hewa. Geuza ufunguo uache pampu ifanye kazi, zima, rudia mara kadhaa. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta mpaka yatoke mafuta yasiyo na povu, kisha kaza. Kama pana pampu ya mkono, isukume mpaka iwe ngumu. Ndipo upige stata, sekunde kumi hivi, upumzike dakika moja, urudie. Usipulizie dawa ya kuwashia kwenye hewa ya injini yenye plagi za joto, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha; imevunja pistoni za watu.

Gari likishawaka, rudia kile kipimo cha volti kwenye pampu, injini ikifanya kazi, uandike namba kwenye daftari la gari. Siku litakaposumbua tena utajua kimebadilika nini. Kisha usilijaribu kwa kulizungusha uwanjani. Pampu dhaifu inatosha injini isiyo na mzigo. Lipandishe Mazeras likiwa na uzito, lishikilie gia moja, sikiliza kama linakohoa au linapoteza nguvu. Ukirudi, ingia tena chini, pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo ulichofungua, kaza panapolowa, na acha fyuzi mbili za ampea zile zile kwenye droo ya dashibodi ambapo dereva atazipata gizani.